Miezi Kumi na Minane: Maneno ya Sauti ya Pili na Sauti ya Nne



 Kuimba mbele yenu tumezoea. Kusema ni kazi nyingine.

Kamati ya jubilei ilipotuomba tuseme machache kwa niaba ya wanandoa wapya wa kwaya, tuliuliza ni akina nani hao wengine tutakaowawakilisha. Tukajibiwa kwamba ni sisi wawili tu. Tangu tufunge ndoa hakuna mwingine aliyefuata kutoka ndani ya kwaya, jambo ambalo Mama Mwenyekiti analo moyoni, na vijana wa sauti ya tatu wanajua ni kwa nini anawatazama vile kila Alhamisi. Basi tumesimama kwa niaba yetu wenyewe. Na kwa kuwa mnatujua kwa mahali tunaposimama kuliko kwa majina, leo tutajiita hivyo hivyo: Sauti ya Pili, ambaye ni mke, na Sauti ya Nne, ambaye ni mume.

Tulifunga ndoa hapa Jumamosi tarehe 25 Novemba 2023, na kesho yake ilikuwa Sherehe ya Kristo Mfalme. Tunajua wengi wenu mnaikumbuka mvua kuliko maharusi. Ilikuwa ile mvua ya El Nino. Magari mawili yalikwama kwenye matope pale nje ya lango, mabesi wote wakatoka na suti zao kwenda kusukuma, na ndiyo sababu wimbo wa mwanzo uliimbwa kwa sauti tatu. Bibi harusi alifika na gambuti, akavua sakristia. Kuna picha moja ambayo mpiga picha hakutakiwa kuipiga, na ndiyo tuliyoitundika ukutani.

Kwaya iliimba bila kudai hata nauli. Jumuiya ikapika. Hata hivyo harusi ni harusi, na baada ya wageni kuondoka tulibaki na deni la hema na viti. Mwaka wa 2025, kwa vile Kanisa lote lilikuwa katika Mwaka wa Jubilei, tulisoma katika jumuiya Mambo ya Walawi sura ya 25, jinsi katika mwaka wa jubilei kila mtu alivyorudishiwa shamba la wazee wake, na waliojiuza kwa sababu ya umaskini wakaachiliwa huru. Tulipofika hapo tulimtazama mwenye hema, ambaye ni mwanajumuiya mwenzetu. Naye ni msomaji mzuri wa Biblia. Akatukumbusha kwa upole kwamba jubilei ya Walawi ni ya mwaka wa hamsini, na kwaya yetu ina 25 tu. Tulimaliza kumlipa mwezi wa Machi. Yuko hapa leo na hema ni lake pia, kwa hiyo mkiketi kivulini mjue mnaketi kwa nani.

Tunaishi Karagita, chumba kimoja na kijijikoni. Tulionyeshwa nyumba ya kodi nafuu kule Kihoto, lakini yeyote aliyeona ziwa lilivyopanda mwaka wa 2020 na watu wakabeba magodoro vichwani hakai Kihoto kwa ajili ya kodi nafuu. Sauti ya Pili anafanya kazi katika shamba moja la maua, upande wa kupanga na kupakia. Sauti ya Nne ni fundi seremala hapa mjini. Mmoja hulipwa kila mwisho wa mwezi. Mwingine hulipwa mteja akikumbuka. Hapo ndipo mambo mengi ya nyumba yetu huanzia.

Jambo la kwanza tulilogundua, kabla hata ya wiki kwisha, ni la lugha. Mnajua mmoja wetu kwao ni Kinangop na mwingine kwao ni Siaya. Watu wa Naivasha hatuhitaji kuelezwa maana ya sentensi hiyo. Wengi wenu mlikuwa hapa Januari 2008. Baba zetu wawili walipoketi meza moja siku ya kupeleka mahari, hawakusema sana, lakini kila mmoja alimmiminia mwenzake chai, na sisi tuliokuwa tukichungulia kutoka jikoni tulijua kinachomiminwa pale si chai peke yake. Hilo lilipita salama, Mungu ashukuriwe. La simu ndilo lilikuwa bado.

Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tunasali kwa Kiswahili, na tukikasirikiana tunakasirikiana kwa Kiswahili. Lakini Sauti ya Pili akiongea na mamake kwa simu ni Kikuyu, na Sauti ya Nne akiongea na wa kwao ni Kijaluo. Sasa fikiria umeketi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, mwenzako ameshika simu nusu saa, anacheka, anashusha sauti, na katika maneno yote unasikia moja tu unalolijua, nalo ni jina lako. Halafu simu inakatika, unaambiwa, "Wanakusalimu."

Nusu saa yote ni salamu?

Tukakubaliana kwamba simu ikiisha, aliyeongea anasimulia. Si kila neno, ila habari. Mwanzoni ilikuwa kama kuandika kumbukumbu za mkutano. Siku hizi imekuwa starehe yetu ya jioni kuliko redio, maana Sauti ya Nne sasa anajua mambo ya majirani wa Kinangop ambao hajawahi kuwaona, na ana maoni yake juu ya shangazi mmoja. Naye Sauti ya Pili ameshika maneno ya kutosha kiasi kwamba Sikukuu ya Pasaka alimjibu Mama kutoka Siaya kwa Kijaluo kwenye simu. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema yote aliyokuwa amesema hapo nyuma yalikuwa mema.

Chakula hatutakikawiza. Mmoja wetu alilelewa kwa githeri, mukimo na viazi. Mwingine anaamini kwamba kama hujala ugali bado hujala. Samaki wa ziwa letu amekuwa mpatanishi, ingawa kambare-mamba si huyu, na huyu kapu tuliye naye hapa ana miiba inayohitaji subira kuliko Kwaresima. Ugali unasongwa na Sauti ya Nne mwenyewe. Majirani walishangaa mwezi mmoja, kisha wakazoea. Baba zetu wazee mlioko hapa mnaotikisa kichwa, tumewaona, na tunawaheshimu, na bado atausonga.

Tuje kwenye maua. Wageni wetu kutoka parokia nyingine huenda hawajui jinsi Siku ya Wapendanao inavyokuwa hapa kwetu. Mahali pengine tarehe 14 Februari ni siku ya kupeana waridi. Naivasha ni msimu wa kazi. Kuanzia katikati ya Januari oda za Ulaya zinapanda, zamu zinarefuka, na katika ghala la kupakia wanawake na wanaume wanasimama wakipima urefu wa vikonyo, sentimita arobaini huku, hamsini huku, sitini kule, wakifunga mashada na kuyaingiza kwenye chumba cha baridi yapoe kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege Nairobi. Lazima yote yawe yameondoka siku kadhaa kabla ya tarehe 14, maana ua likifika tarehe 15 halina bei. Na ukidhani umepumzika, inakuja Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, halafu Waingereza nao wana siku yao ya mama, ambayo huangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima. Kwa ufupi, wakati kwaya inafanya mazoezi magumu kuliko yote ya mwaka, ya Juma Kuu na Pasaka, ndio wakati nusu ya sauti ya kwanza na ya pili wamesimama ghalani hadi usiku. Mwalimu wetu wa kwaya amejua hilo kwa miaka mingi, na tungependa iandikwe mahali kwamba hajawahi hata mara moja kumfokea mtu aliyeingia mazoezini saa moja baadaye akiwa amevaa koti la kazi.

Mwaka wetu wa kwanza, 2024, Siku ya Wapendanao iliangukia Jumatano ya Majivu. Mungu naye ana mambo yake. Majirani walitutania wiki nzima wakiuliza tutafunga au tutasherehekea. Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujaonana vizuri kwa wiki tatu. Mmoja alikuwa akitoka alfajiri mwingine amelala, na kurudi usiku mwingine amelala, na tulikuwa tukiachiana maandishi nyuma ya karatasi za noti za muziki. "Maharagwe yako kwenye sufuria ndogo." "Landilodi alikuja." "Nakupenda, nunua chumvi." Siku hiyo kazi ilikwisha mapema, tukakutana hapa hapa kwenye Misa ya jioni, tukapakwa majivu tukiwa tumepanga mstari mmoja, tukaenda nyumbani kula mlo wetu mmoja wa siku. Gesi ikaisha maharagwe yakiwa nusu. Sauti ya Nne akatoka nje kuwasha jiko la makaa. Aliporudi na chakula alimkuta Sauti ya Pili amelala na viatu, majivu bado yako kwenye paji la uso.

Hakukuwa na waridi. Mtu aliyeshinda wiki tatu akipanga waridi za wenzake haombi waridi. Kulikuwa na jozi mbili za soksi nzito za sufu kwa ajili ya chumba cha baridi, zimefungwa kwa gazeti. Zinavaliwa hadi leo, na moja imeshonwa kisigino.

Kuna mstari katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 5, ambao mzee mmoja wa sauti ya nne alituonyesha. Unaagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asipewe kazi yoyote ya umma kwa mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Mwaka mzima! Tuliwaza kuutoa nakala tuupeleke kwa supavaiza, na nyingine kwa mteja anayedaiwa kabati. Lakini tukaona wenye busara walioandika sheria ile walijua kitu, kwamba watu wawili wanahitaji muda wa kukaa pamoja bila kufanya lolote la maana. Sisi tuliupata muda huo katika matatu. Kutoka Karagita kuja mjini kwa mazoezi, Alhamisi na Jumamosi, na kurudi. Pale ndipo tulipozungumza. Tulipoanza kugawa pesa kwenye bahasha, ya kodi, ya chakula, ya wazazi wa pande zote mbili, ya zaka, ya hema, tukaweka na moja ya nauli ya mazoezi. Kuna miezi bahasha nyingine zilikaa tupu, lakini ile ya nauli hatukuigusa. Si kwa utakatifu. Ndiyo iliyokuwa ikitulipia maongezi.

Somo letu la kwanza siku ya harusi lilitoka Kitabu cha Tobiti, sura ya 8, pale Tobia na Sara wanapoamka usiku wa arusi na kusali. Ni somo zuri na linachaguliwa na wengi. Baadaye tukaamua kukisoma kitabu chote, sura moja kila Jumapili usiku, na tunawashauri wote mliochagua somo hilo mfanye vivyo, maana hatukuambiwa kwamba maharusi wakiwa ndani wamelala baada ya kusali, baba mkwe yuko nje anachimba kaburi. Raguel hakuwa mtu mbaya. Waume saba wa binti yake walikuwa wamekufa, akaona ni afadhali ajiandae kabla majirani hawajaamka. Kabla ya mapambazuko akaamuru lifukiwe. Tangu tuisome, Sauti ya Nne humtazama baba mkwe wake akishika jembe kwa jicho jingine.

Ila iliyotuteka zaidi ni sura ya 2. Mzee Tobiti amepofuka, na Ana mkewe ndiye anayetafuta riziki kwa kusuka nguo. Siku moja waliompa kazi wanamlipa ujira wake na kumwongezea mwanambuzi. Mbuzi analia uani. Mzee, ambaye haoni, anauliza ametoka wapi, kama si wa wizi, na anataka arudishwe. Ana anaeleza kuwa ni zawadi. Haamini. Ndipo mama wa watu anapomrudishia maneno makali juu ya sadaka zake zote na wema wake wote. Hapo hakuna malaika anayeingilia. Ni mume asiye na kipato, mke anayechoka, na mbuzi.

Tulifunga kitabu tukacheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu tulimjua yule mbuzi. Kwetu alikuwa blanketi. Baada ya msimu wa Februari Sauti ya Pili alikuwa amelipwa saa zake za ziada akanunua blanketi zito, likawekwa kitandani. Ule mwezi Sauti ya Nne alikuwa na kazi tatu alizozimaliza na hakuna aliyelipa. Akaingia, akaliona, akauliza, "Limetoka wapi?" Maneno mawili. Lakini katika nyumba ambayo mmoja ana mshahara na mwingine ana ahadi za wateja, maneno mawili yanaweza kulala kitandani katikati ya watu wawili siku tatu nzima, chini ya blanketi lenyewe. Liliisha kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya hekima.

Hayati Papa Fransisko, aliyetutoka Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 2025, aliandika katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 juu ya familia, Amoris Laetitia, kwamba kuna maneno matatu ya kutumia nyumbani: kuomba ruhusa, kusema asante, na kusema samahani. Wasimamizi wetu walitufundisha hayo kabla ya ndoa, nasi tunayatumia. Lakini kwa heshima zote tungependa kuongeza la nne ambalo Papa hakuwa nalo kwa lugha yake, nalo ni "pole". Samahani inahitaji kwanza ijulikane nani ana makosa, na kesi kama hiyo katika chumba kimoja huchukua muda. Pole haiulizi. Mteja hakulipa: pole. Miguu imevimba kwa kusimama: pole. Umeona blanketi likakuuma moyo: pole. Unaweza kumpa mtu pole hata kama bado mmenuniana.

Sasa tunafika mahali ambapo tulijadiliana sana kama tuseme au tusiseme. Baba Paroko tulimwuliza. Akasema tuseme tu kiasi tunachoweza.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2024 tulikuwa tumejua kwamba tunatarajia mtoto. Tulikuwa hatujamwambia mtu, ila mama zetu wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Mwezi wa Agosti, wiki ya kumi na moja, tukampoteza.

Wengi wenu mlikuwa hamjui, na hatuwalaumu. Lakini kuanzia hapo hadi leo, kila Jumapili pale nje baada ya Misa, tumeulizwa. Mnajua mnavyouliza. "Bado tu?" "Mtatuletea habari njema lini?" "Hebu geuka nikuone." Mwingine hasemi, anatazama tumbo. Ni upendo, tunajua. Mnauliza kwa sababu mlisukuma magari yale kwenye matope na mnaona ndoa hii ni yenu pia. Lakini kila swali lilikuwa linamrudisha Sauti ya Pili kwenye wiki ile ya Agosti, akiwa ameshika kitabu cha nyimbo na kutabasamu. Na Sauti ya Nne alikuwa akiulizwa kwa utani, kiume, mbele ya watu, na kucheka na wanaouliza, kisha kwenda nyumba ya nyuma ya kanisa kukaa peke yake.

Ikafika mahali Sauti ya Pili akaacha kuimba. Hakuaga. Alikuja Misa, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, ili aweze kutoka kabla ya baraka watu wakiwa bado ndani. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Tuliongea nyumbani kuhusu kuhamia parokia nyingine ambapo hakuna anayetujua, na tulikuwa karibu. Tuliongea hata kama Sauti ya Nne naye aache.

Wanakwaya, hamjui mlichofanya, kwa hiyo tutawaambia. Waliojua walikuwa watatu au wanne. Mama mmoja wa sauti ya pili alikuja Karagita na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, akaumimina, akaosha vyombo vyote alivyovikuta, akaondoka. Hakusema lolote kuhusu mapenzi ya Mungu. Alirudi wiki iliyofuata, akafanya vile vile. Mzee mmoja wa besi alikuwa akipita karakana kila Jumanne mchana, anachukua msasa, anasugua mlango wa kabati upande wake huku Sauti ya Nne akisugua upande mwingine, saa nzima, halafu anakung'uta suruali na kwenda zake. Na ninyi wengine, ambao hamkujua chochote, hamkujaza nafasi. Pale kwenye benchi la sauti ya pili, ya tatu kutoka ukutani, mliacha pengo la mtu mmoja kwa miezi mitatu. Kwaya ina wanachama wengi na benchi ni fupi. Mlibanana upande huu na upande ule, pengo likabaki. Kutoka nyuma karibu na mlango lilikuwa likionekana vizuri sana.

Mwishoni mwa Novemba Sauti ya Nne alikuwa nyumbani usiku akijifunza wimbo wa Majilio. Kuna mahali besi inanyamaza vipimo vinne na sauti ya pili inaingia peke yake. Alikuwa akihesabu vile vipimo kwa kugonga meza kwa kidole: moja, mbili. Kutoka upande wa jikoni, viazi vikimenywa, sauti ya pili ikaingia.

Hatukusema lolote. Tuliimba hadi mwisho. Jirani akagonga ukuta tupunguze, saa zilikuwa zimekwenda. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 1 Desemba, alirudi kwenye nafasi yake, na aliyekuwa kushoto kwake akamsogezea kitabu bila kugeuza kichwa.

Kwa hiyo leo, kwa kuwa ni siku ya sherehe na mtu akisherehekewa huruhusiwa kuomba, tunaomba zawadi moja. Msituulize. Wala msiwaulize wale wengine walioketi humu, maana tangu tuanze kulisema jambo hili kwa watu wachache tumegundua hatuko peke yetu, hata kidogo. Kukiwa na habari mtaiona kwa macho, na Mama Mwenyekiti atakuwa ameshaitangaza kabla yetu. Mkitaka kutuuliza kitu, tuulizeni habari za kazi. Tuulizeni kama yule mteja wa kabati amelipa. (Hajalipa.) Ukikosa la kuuliza kabisa, tupe pole, tutajua ni ya nini.

Mwalimu wa kwaya anatutazama na tunajua maana ya jicho hilo, wimbo unaofuata ni mrefu na Sauti ya Nne anahitajika kwenye nafasi yake. Tumalizie na shukrani za pekee. Kwa waanzilishi wa kwaya mliosimama hapa mwaka wa 2000, wengine mkiwa vijana kuliko sisi tulivyo leo, na mkaendelea kuimba pamoja hata mwaka ule ambao majirani walikuwa hawasalimiani: asanteni. Kwa wasimamizi wetu, ambao bado mnapokea simu zetu saa nne za usiku: asanteni, na tutajitahidi zianze kuja saa mbili. Kwa wazazi wetu waliosafiri kutoka Siaya na Kinangop na kuketi benchi moja asubuhi hii, tumewaona mkishirikiana kitabu kimoja cha nyimbo.

Jambo la mwisho ni tangazo. Zile sufuria mbili kubwa za jumuiya zilizotumika kupikia pilau ya jana ziko nyuma ya sakristia, zimesuguliwa, na mifuniko yake iko ndani. Moja ina alama ya rangi nyekundu mkononi, ni ya jumuiya ya juu. Nyingine haina alama. Mwenye nayo aichukue kabla ya chai.